Viti vya Matanga ya Mwanaesha

Mlioniacha wiki iliyopita mlangoni pa afisi, nimekalia ndoo yangu niliyoipindua, mkawa mnajiuliza kama nilifunguliwa au nilifukuzwa: nilifunguliwa. Na heri ningefukuzwa.

Kwa aliyenikuta leo, nitasema kwa ufupi. Jina langu Nyevu, lakini Birikani wote huniita Nana. Birikani ni uwanja mdogo ndani ya Mji wa Kale, nyumba zimeuzunguka kama watu waliozunguka sinia. Hapo watoto wetu huchezea. Hapo hupigwa turubai tukioza, na hapo hupangwa viti tukizika. Pembeni, karibu na birika la zamani lililozibwa, ndipo nilipokaangia viazi vya karai tangu mume wangu marehemu hajaota mvi.

Wakubwa wanataka kuuzungushia mabati, pawe mahali pa kuegesha mabasi ya wageni wanaokuja kutazama Ngome.

Tuligonga milango. Mwakilishi wetu alipokea simu mara ya kwanza, mara ya pili ikapokewa na mkewe, mara ya tatu ikazimwa. Bango letu lilichanwa. Karai langu lilibebwa na askari lingali na mafuta. Ndipo nikachukua ndoo nikaenda kukaa mlangoni pa afisi ya mradi.

Aliyenifungulia alikuwa Bwana Morris, mkubwa wa mradi.

"Bibi, umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu ulipopita ukajifanya hukuniona."

Akacheka. Si mtu wa kupiga kelele, huyu. Ana sauti ya kubembeleza mtoto.

"Sheria inataka wenyeji wasikizwe," akasema. "Basi nimewapangia kikao. Alhamisi baada ya adhuhuri, ukumbini. Mkija mkapinga, mradi unarudi mezani, tunaanza upya. Msipokuja, mmekubali."

"Tutakuja," nikamwambia. "Hata wagonjwa."

Neno hilo la wagonjwa ndilo lililonirudi.

Jirani yangu Mwanaesha alikuwa mgonjwa wa figo. Mlango wake na wangu inatazamana. Akikohoa mimi hujua ni kikohozi cha baridi au cha kuniita. Kila wiki hulazwa kwenye mashine wakamsafisha damu, akarudi amelegea. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima, na Birikani hapakuwa na ulimi kama ule. Sote tulikubaliana kwamba ukumbini atasema yeye.

Mwanawe, Khubaib, ni kibarua katika afisi hiyohiyo ya Bwana Morris. Miaka nenda miaka rudi ni kibarua, hajathibitishwa.

"Utamsemaje mkubwa wa mwanao mbele za watu?" nikamuuliza.

"Nitamsema yeye, kisha nimseme mwanangu, kisha nirudi nimpikie," akanijibu. "Nikipika nitakuwa nimeshapoa."

Alhamisi ikafika. Auma, fundi wetu wa cherehani, alikuwa ameshona bango jipya kwa kitambaa cheupe cha Biashara Street, ameandika kwa uzi mwekundu: BIRIKANI NI UWANI KWETU. Uzi, si rangi. "Wakilichana hili," alisema, "watatoa jasho."

Tukaenda. Wanawake na mabuibui yetu, wanaume na kofia zao, Auma na wenzake wa kanisani. Ukumbi ukajaa mpaka watu wakasimama madirishani. Khubaib alikuwa mbele anajaribu kipaza sauti, alipotuona akatabasamu kwa kujificha. Bwana Morris alikuwa bado hajaketi.

Aliyekosekana ni Mwanaesha tu. Alikuwa amesema asisumbuliwe kutembea, Mung'aro, dereva wetu, amfuate na tuktuk yake dakika ya mwisho.

Mung'aro akaingia peke yake.

Hakunijia mimi. Alisimama mlangoni akimtafuta Khubaib kwa macho, alipomwona akaangalia chini. Nikajua, nikamwendea.

"Nana," akaniambia, "nimemkuta barazani kwake. Amevaa, mkoba uko mapajani, yuko tayari. Nimemwita. Nikadhani ananifanyia mzaha."

"Umemgusa?"

"Nimemgusa, Nana."

Mimi ndiye niliyekwenda mbele kumwambia mtoto. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hivyo ukumbi mzima ulisikia nikisema, "Khubaib mwanangu, mamako ametutoka." Sikukusudia. Kule nyuma mtu akaanza kusoma *Inna lillahi*, ikaenea, ukumbi wote ukanung'unika pamoja.

Khubaib alikaa chini palepale, sakafuni, katikati ya nyaya.

Bwana Morris akaja. Akachutama akamshika bega, akamnong'oneza. Akasimama akanishika na mimi mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana, bibi. Nendeni mkamzike mama. Mambo haya yatangoja."

Khubaib akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nana, watoe watu. Umemsikia mwenyewe, kikao kimeahirishwa."

Nikageuka niwatoe. Auma akanivuta pembeni.

"Nana, usinielewe vibaya. Tubaki wachache. Nyinyi nendeni mkazike, sisi wa kanisa tubaki na bango, mpaka yule bwana afunge ukumbi na kufuli tuone kwa macho yetu."

"Amesema yatangoja."

"Amesema kwa mdomo."

"Auma," nikamwambia, "babako alipofariki, mtaa huu haukukusindikiza?"

"Ulinisindikiza."

"Tulifika wapi na jeneza?"

"Mpaka Mwembe Tayari. Mpaka basi likaondoka."

"Kuna aliyebaki nyuma, akasema mimi nina shughuli?"

Akalitazama bango lake.

"Basi hakuna mtu wa Birikani atakayekaa kwenye kiti cha mkutano, na Mwanaesha hajaoshwa."

Nilisema kwa sauti, wengine wasikie. Nilitaka wasikie. Auma akalikunja bango lake mara nne, akaliweka kwapani, akatoka. Na ukumbi wote ukamfuata.

Hivyo ndivyo nilivyoutoa uwanja wetu kwa mkono wangu. Sikuhongwa, sikutishwa. Niliwaaibisha watu mpaka wakatoka.

Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Ndani ya mkoba wake tulikuta leso ya mkononi, tasbihi, na peremende za tangawizi kiganja kizima. Za kulainisha koo. Alikuwa amejiandaa kusema sana, Mwanaesha.

Baada ya alasiri wanaume wakamtoa. Njia zote za kwetu ni nyembamba, jeneza lilipita juu ya vichwa, mikono ikipokezana. Khubaib alikuwa mbele. Sisi wanawake tukabaki na uradi wa kumwombea, na uwanjani vijana wakapanga viti vya plastiki vya mtaa, safu kwa safu, kama tunavyopanga siku zote mtu anapotutoka.

Nikaketi kwenye kiti cha kwanza. Nikasema moyoni, angalau hili tumelifanya sawasawa.

Mung'aro alirudi kutoka maziarani akiwa amebadilika uso. Alikuwa amepitia ukumbini kuchukua mti wa bango tuliousahau.

"Wamefanya," akasema.

"Wamefanya nini?"

"Kikao. Nimemkuta mama anayefagia, ndiye aliyenieleza. Mlipotoka, yule bwana alikaa akanywa maji. Akangoja kidogo. Kisha akafungua kikao. Akasoma mradi wote, mwanzo mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi."

"Akamuuliza nani?"

"Viti, Nana. Aliviuliza viti. Mara ya pili pia akaviuliza. Vikanyamaza. Akafunga, akamshukuru mama wa ufagio kwa kuhudhuria."

Uradi ulikuwa unaendelea ndani. Nje niliona kichwa kimoja kimoja kikinigeukia. Mtu nyuma yangu akasema, si kwa sauti kubwa, "Auma alisema."

"Nyamaza," Auma akamwambia. "Hapa ni matangani."

Hakunitetea. Alinisitiri tu, na kusitiriwa na mtu uliyemwaibisha mchana kunauma kuliko kofi.

Ijumaa Auma alikuja na khabari. Kanisani kwake kuna wakili, mama mtulivu, ambaye alikuwa tayari kutusimamia bila malipo. Lakini alitaka kitu kimoja.

"Anasema kikao chao kina sura ya halali," Auma akaeleza. "Kilitangazwa, kilifunguliwa, kilifungwa. Sisi ndio tuliotoka. Tukisema tuliambiwa kimeahirishwa, watasema tunadanganya. Anataka mtu wa afisi yao aseme mbele ya hakimu, tuliwatoa kwa kuwaambia kimeahirishwa. Mtu mmoja tu. Bila huyo, anasema tusijisumbue."

Tukatazamana. Mtu wa afisi yao tuliyemjua alikuwa mmoja, naye alikuwa amefiwa na mama jana.

Kwetu huendi kwa mfiwa na shida yako. Unampelekea chakula, unampelekea pole, unamnyamazia. Nilikaa na jambo lile kifuani mchana kutwa, nikaliogopa. Alasiri nikampelekea uji wa tangawizi, na nilipomwona amekaa peke yake sebuleni kwa mamake, chini ya saa ya ukutani, likanitoka.

"Khubaib. Ulijua?"

Akaelewa mara moja. "Wallahi sikujua, Nana. Naapa kwa aliyemchukua mama. Aliniambia kimeahirishwa, nikakwambia ulivyosikia."

"Utaweza kusema hivyo mbele ya hakimu?"

Leso ya mamake ilikuwa bado imetundikwa mlangoni, ile ya rangi ya zambarau. Aliitazama.

"Watanifukuza, Nana."

"Watakufukuza."

"Mama angenambia nini?"

"Unajua angekwambia nini. Angekutukana kwanza."

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Akaipangusia macho leso ile. "Nitasema," akaniambia. "Hitima ya mama ikishasomwa kesho, nipeleke kwa huyo wakili. Nitasema yote."

Nilimwambia Auma. Auma akamwambia Mung'aro. Mpaka magharibi mtaa mzima ulikuwa unanisalimu tena. Nililala usingizi, na nilikuwa sijalala tangu Alhamisi.

Jumamosi ilikuwa siku ya tatu, siku ya hitima. Kwetu mfiwa hukaa matangani mpaka hitima isomwe. Watu huja wakampa mkono, naye kazi yake ni kukaa kwenye kiti chake akapokea. Asubuhi tulikuwa tumeshatandika mikeka ya wasomaji, na vile viti vya plastiki vilikuwa palepale uwanjani tangu maziko. Cha Khubaib kilikuwa mbele, pembeni mwa changu. Kilikuwa kitupu. Nikadhani yumo ndani anaoga.

Ndipo tukasikia bati.

Lilikuja la kwanza, likifuatwa na mengine, juu ya mkokoteni, likigonga kuta huku na huku. Lori lao lilikuwa limeshindwa kuingia, wakashusha njia kuu, wakaanza kusukuma kwa mikono. Auma aliangalia mkokoteni ule ukikwama kwenye kona ya kwa fundi saa, ukirudi nyuma, ukijaribu tena.

"Hata mabati hayapiti," akasema. "Hayo mabasi ya wageni yatapita wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Ndilo swali Mwanaesha alilokusudia kuliuliza Alhamisi. Askari waliokuja na mkokoteni walimsikia, na mmoja akatikisa kichwa kwamba ni kweli, kisha akaanza kushusha mabati.

Nyuma yao alikuja Bwana Morris na mwavuli wa jua. Na pembeni mwake, amevaa kizibao kipya cha kung'aa cha mradi, bado kina mikunjo ya kwenye karatasi, alikuwa Khubaib.

Wanawake wote wakanitazama mimi. Wallahi sikuwa na uso wa kuwarudishia.

Akanijia. Alitembea kama mtu anayekanyaga maji asiyoyajua kina.

"Sabalkheri, Nana."

"Sabalkheri, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama." Akanyoosha mikunjo ya kizibao. "Nana, wamenithibitisha. Jana baada ya isha Bwana Morris alikuja nyumbani mwenyewe. Si kibarua tena."

"Mabruki."

"Nina watoto, Nana. Wa mwisho hata hajui kutembea."

"Najua. Nilimpokea mimi akizaliwa."

Akatazama viti, safu kwa safu. Sauti ikamshuka mpaka ikawa ya mtoto aliyetumwa dukani akapoteza alichotumwa.

"Wanaomba viti hivi viondolewe. Wanataka kuanza kuchimba nguzo. Kama inawezekana... kabla ya adhuhuri."

"Hitima ya mamako ni adhuhuri."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema isomwe msikitini."

Yule aliyekuwa amekaa nyuma yangu akainuka, akachukua kiti chake. Simlaumu. Askari walikuwa wameshika virungu, na sisi ni wanawake wazima wenye magoti mabovu. Akainuka wa pili. Wakainuka wawili pamoja, wakashikana mikono. Viti vikaanza kupandishwa kimoja juu ya kingine, vikitoa ule mlio wa plastiki, na kila kiti kilipotoka, askari mmoja alipiga hatua akachora chokaa pale kilipokuwa.

Upande wa pili mtalimbo ulishaanza kugonga. Walikuwa wanachimba shimo la kwanza pale nilipokuwa nikiweka karai.

Auma alibaki. Alilifungua bango lake akalitandika magotini kama shuka la mgonjwa, maandishi yakiwa ndani. Hakulinyanyua. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nana, yule wakili yuko afisini mpaka saa nane. Nimpigie asitungoje?"

"Ngoja kidogo."

"Tungoje nini? Si umemwona?"

Nilimwona. Nilimwona na kizibao chake, nikamwona na kofia ya hitima imechungulia mfukoni, ameikunja akaificha kama mtu aliyeiba. Alikuwa amekuja nayo.

Sina la kujivunia hapa. Sikuwa na nguvu ya kumzuia askari wala elimu ya kubishana na Bwana Morris. Na kumbembeleza Khubaib nilikuwa nimeshambembeleza jana, akaniapia, na kiapo kikavunjwa kabla uji wangu haujapoa. Nilichokuwa nacho ni kiti nilichokalia na kile kitupu kilichokuwa pembeni mwangu.

Nikakivuta kile kitupu kwa mkono, nikakigeuza kimwelekee yeye.

"Khubaib, mimi sitakuuliza tena habari ya hakimu. Wala habari ya uwanja. Yamekwisha hayo. Lakini mamako ana siku tatu tu za mtoto wake kukaa, na leo ndiyo ya mwisho. Keti. Watu wakupe mkono."

"Nana, ananitazama."

"Nani?"

Nyuma yake, chini ya mwavuli, Bwana Morris alikuwa amesimama kutazama, na kwa ile sauti yake ya kubembeleza akaita, "Khubaib. Bado viti vitatu hapo. Malizia, tafadhali."

Mtalimbo ukanyamaza. Hata wale waliokwisha kuondoka na viti vyao walisimama kwenye vizingiti vya nyumba, viti vichwani.

Auma akaitoa simu, kidole kikiwa juu ya jina la wakili.

Khubaib akainama. Akakishika kiti cha mfiwa kwa mikono miwili, huku na huku, akakishikilia hivyo bila kukisogeza. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa kukaza. Na kwa umri huu niliofika, na watoto wote niliowalea mtaa huu, sikuweza kujua kama ni mikono ya mtu anayetaka kukaa, au ya mtu anayetaka kubeba.